Mizunguko Mia Nane na Themanini

Mmeniomba niwaandikie kitu, ninyi vijana wa atelier, karakana yetu, kwa kuwa sasa nimekuwa mzee wa kukaa nyumbani. Gloire ameniletea hata daftari jipya, lenye picha ya ndege kwenye jalada. Sawa. Lakini msingoje niwaambie nilipataje ukubwa wa atelier, kwa sababu ukubwa wenyewe haukuwapo: aliyenitangulia alifariki, nami nikavuta kiti chake. Nitaandika kazi tu. Na nitajibu lile swali mlilouliza juu yangu siku ile mkacheka, kwamba kwa nini Tonton Bosco hasemi neno wakati bobine ya waya inazunguka, hata sasa ambapo kalkuleta inamhesabia.

Ile kalkuleta ni kazi ya mikono yenu na siwezi kuisema vibaya. Mliinunua sokoni, mkaifungua, mkaunganisha nyaya mbili kwenye kitufe cha jumla, mkabandika sumaku ndogo kwenye gurudumu, na sasa kila gurudumu linapozunguka namba inapanda moja. Mimi nilizungusha waya miaka yote ile bila wazo hilo kunijia kichwani. Nilipoiona niliona wivu, nasema wazi, kisha nikaona furaha. Hata hivyo nikiketi mbele yake mdomo unajifunga wenyewe.

Nilianza kama mlivyoanza ninyi, kwa kuharibu. Mota ya kaseti niliitoa kwenye redio ya mama yangu ili nitengeneze feni ndogo ya kupuliza makaa. Feni ilipuliza vizuri. Redio haikusema tena. Mama hakunipiga, alinishika mkono mpaka Makiso, hapa Kisangani, kwenye atelier iliyo nyuma ya duka la vitambaa, akamwambia mwenye atelier, Papa Anselme, kwamba mtoto huyu anaharibu vitu, afadhali aviharibu kwako. Papa Anselme alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. Alinitazama vidole, si uso, kisha akanipa transfoma iliyoungua na msumari.

Wiki mbili za kwanza nilifanya jambo moja tu: kufungua waya wa transfoma zilizokufa na kuunyoosha kwa kuupitisha kwenye ule msumari. Mikono ilinuka verni ya waya iliyoungua hata wakati wa kula. Nilidhani ni adhabu. Baadaye nikaelewa kwamba alitaka nione kila transfoma ilikufa kwa ugonjwa gani, maana waya unaeleza. Ukiungua sehemu moja tu, ni karatasi ya kati ya safu za waya iliyochanika. Ukiwa mweusi wote kuanzia ndani, mtu hakuhesabu vizuri.

Kwetu hakikutupwa kitu. Televisheni iliyokufa ilitoa chuma cha transfoma, dinamo ya lori ilitoa diodi, kopo la mafuta ya kupikia likawa sanduku. Humo tulitoa amplifaya za makanisa, chargeur za betri, na zile stabilisateur za kuzuia umeme wa mji usiue friji, kwa sababu mnaujua umeme wetu wa bwawa la Tshopo: asubuhi uko chini hata taa ina haya, saa sita unapanda kama umekumbuka deni. Mwanzoni nilisahau kumaliza nguvu kwenye kondensa ya televisheni kabla ya kuigusa. Niliamka nimeketi sakafuni na Papa Anselme anakunywa chai. Akauliza kama sasa nitasahau tena. Sikusahau tena, na ninyi tafadhali msingoje somo kama lile.

Sasa nisikilizeni kuhusu hesabu, kwa sababu yote yanayofuata yako hapo. Transfoma ni bobine mbili kwenye chuma kimoja, basi. Chuma kile tulichokitumia sana kilidai mizunguko minne ya waya kwa kila volti. Volti mia mbili na ishirini ni mizunguko mia nane na themanini. Ukizidisha kidogo, hakuna neno. Ukipunguza, chuma kinashiba mapema, kinapata joto, na umeme ukipanda joto linakula verni, halafu karatasi, halafu sanduku, halafu nyumba. Hakiungui leo wala kesho. Kinangoja siku ambayo wewe hupo.

Tulizungusha kwa mkono, kwenye kibao chenye mpini, mkono wa kulia unazungusha na wa kushoto unaongoza waya. Kila mizunguko hamsini unatia kijiti kimoja cha kiberiti ndani ya kopo. Na hapo ndipo sheria ya Papa Anselme ilipokaa: anayehesabu hasalimiwi, naye hajibu. Ninyi mnajua uzito wa jambo hilo. Hapa kwetu mtu akiingia asipokusalimu, umemkosea nini? Ukisalimiwa usipojibu, basi umemtukana na ukoo wake. Kwa hiyo mteja akija kuniuliza, Papa Anselme alimwambia kwamba Bosco yuko safari. Nami nimeketi pale pale, hatua mbili, jasho linanitoka. Watu wa mtaa walizoea. Walikuwa wakipita polepole na kuuliza nitarudi saa ngapi. Mgeni mmoja tu alitoka haraka akisema atelier ile ina mambo.

Miaka ikaenda hivyo. Papa Anselme alipofariki nilibaki na kibao chake, kopo lake, na sheria yake. Sikuwa na mtu wa kusema kwamba niko safari, lakini mtaa mzima ulijua.

Akaja Mama Véro. Huyu alikuwa muuguzi mkuu wa zahanati moja ndogo upande wa Banalia, mwanamke mrefu, mwenye sauti iliyozoea kuita watu wa mbali. Zahanati ilikuwa na groupe, yaani jenereta, lakini mafuta ya kuiwasha usiku kucha hayakuwapo. Alitaka chargeur: groupe iwashwe mchana saa chache, ijaze betri mbili za lori, na usiku betri ziwashe taa za chumba cha kuzalisha. Alikuwa amezalisha kwa tochi ya simu iliyoshikwa na meno, aliniambia hivyo bila kulalamika, kama mtu anayeeleza njia. Nilimwambia aje Jumamosi aichukue. Kazi ile niliipenda kabla sijaanza.

Jumamosi yenyewe mwenye pikipiki wa Mama Véro alifika mapema, akakaa nje. Mimi nilikuwa katikati ya bobine ya kwanza, ile ya volti mia mbili na ishirini. Nikasikia mtu anaingia, na sikuinua kichwa. Kisha sauti ikanisalimu mbote, na niliijua sauti ile. Alikuwa bokilo wangu, baba wa mke wangu Odette, ametoka Yanonge kwa mtumbwi na samaki wa kukaushwa mgongoni, amenitafuta Makiso nzima. Mtu wa mto, mzee, hajawahi kukanyaga atelier yangu hata siku moja. Hakujua habari za safari.

Ningefanyaje? Nilimalizia hamsini niliyokuwamo, nikaacha mpini, nikasimama, nikampa mikono miwili. Akauliza watoto, nikajibu. Nikauliza Yanonge, akajibu, nyumba kwa nyumba, maana mzee hafupishi salamu. Nikamvutia benchi, akaketi kwa uchovu wake wote na meza ikatikisika. Niliporudi kwenye kibao, kopo lilikuwa na vijiti kumi, na kijiti cha kumi na moja kilikuwa juu ya meza, pembeni mwa kopo.

Nilikitazama kijiti kile. Ama nilikuwa nimekwisha kukitia, meza ikatikisika, kikaruka. Ama nilikitayarisha kwa ajili ya hamsini zilizokuwa bado. Njia sahihi naijua, na ninyi mnaijua: kufungua waya wote na kuanza upya. Lakini mwenye pikipiki alikuwa nje, Mama Véro alikuwa njiani kutoka sokoni, na bokilo wangu alikuwa ananitazama kwa heshima, mara yake ya kwanza kuona mume wa binti yake anafanya kazi. Nikakitia kijiti ndani ya kopo. Nikasema moyoni kwamba kilianguka. Hiyo ndiyo hesabu niliyoitaka, basi nikaichukua.

Tulipoijaribu ilikaa kimya na baridi. Ila siku ile umeme wa mji ulikuwa chini sana, na kitu kinachopewa kidogo hakilalamiki. Hilo pia nililijua. Mama Véro alikuwa anaifunga kwenye blanketi aliponiuliza, kwa kawaida tu, kama mtu anavyouliza kama chumvi imetiwa:

"Uliesabu muzuri, tonton?"

"Niliesabu," nikasema.

Siku tisa sikulala vizuri. Nikifumba macho naona kile kijiti. Nilijiambia kwamba labda kweli kilianguka, kisha nawaza groupe ya zahanati. Groupe ya namna ile, ikizeeka, inakimbia kupita kiasi na kutoa volti za kuzidi, na paa la chumba kile, Mama Véro alikuwa ameniambia mwenyewe, lilikuwa la majani. Chini yake wanalala wanawake ambao hawawezi kukimbia. Siku ya tisa nikapiga simu. Namba yake ilipatikana pale tu alipopanda mahali penye mtandao, na kwa bahati alikuwa amepanda.

"Ah, tonton! Iko muzuri sana," akasema, na furaha yake niliisikia. "Inaimba! Hata mutu iko inje anaisikia."

Ninyi mnaofahamu kazi mnaelewa. Yeye alinisifu. Lakini transfoma yenye hesabu kamili haiimbi hivyo. Kuna mngurumo mdogo, unaweka sikio ndipo uusikie. Ile inayosikika nje chuma chake kimeshiba. Nilisema aizime. Nilisema mara tatu kabla ya kutambua kwamba mtandao ulikuwa umekatika na nilikuwa nazungumza na sikio langu. Nikapiga tena mpaka betri ya simu ikaisha.

Nilikwenda nyumbani kuchukua nguo, nikamweleza Odette yote. Nilianza kwa kusema kwamba kama baba yake asingeingia vile, haya yasingetokea. Mke wangu ana utaratibu wa kuniacha nimalize. Nilipomaliza akasema:

"Papa alikupa mbote, wewe ukajibu. Kosa haiko pale. Kosa iko pale ulisema niliesabu."

Akanifungia kwanga mbili, ile mikate ya muhogo, kwenye mfuko. Nikachukua kibao, kopo, karatasi, chuma cha kuunganishia, na waya mpya, nikapanda pikipiki ya kukodi. Njia ya Banalia mnaijua wakati wa mvua, sitawachosha. Tulilala njiani kwa sababu ya daraja lililovunjika. Kila moshi niliouona mbele nilidhani ndio wenyewe. Watu walikuwa wanachoma mashamba yao tu.

Tulifika asubuhi. Paa lilikuwepo. Nililitazama lile paa la majani kwa upendo ambao sijawahi kuupa nyumba yangu. Lakini groupe ilikuwa inanguruma nyuma ya jengo, na kabla sijashuka kwenye pikipiki niliisikia chargeur inaimba ndani. Sikumsalimu mtu. Niliingia moja kwa moja na kuvuta waya ukutani. Nilipoweka kiganja juu ya sanduku nilikiondoa haraka. Kwenye kitanda kilicho hatua tatu kutoka hapo mama mmoja alikuwa amelala na mtoto wa siku mbili.

Mama Véro alisimama mlangoni. Sikumweleza kwanza, niliogopa nikisema nitaanza kujitetea. Nilimwomba akae nami kwenye baraza anisaidie kuhesabu. Nilifungua sanduku, nikatoa chuma, nikaanza kufungua waya, mzunguko mmoja mmoja, yeye akiandika nyuma ya karatasi ya wagonjwa kwa vistari vitano vitano, kama anavyohesabu watoto wa chanjo. Waya ulitoka wa njano, kisha wa kahawia, na kule ndani karatasi ikavunjika vidoleni kama ngozi ya kitunguu. Tulipofika mwisho alijumlisha mara mbili. Mia nane na thelathini.

Nikamwambia kwamba hamsini hazimo, na kwamba siku ile nilijua huenda hazimo. Nikamwambia habari ya mzee, habari ya kijiti, na kwamba aliponiuliza nilimdanganya. Nilimwambia ingeungua. Nilimwonyesha karatasi.

Akaitazama karatasi, akautazama mlango wa chumba, akaniangalia mimi.

"Kama ungenyamaza, siye tungesema ni groupe," akasema. "Hakuna mutu angejua ni wewe."

"Mimi ningejua."

Hakusema kwamba si kitu. Nilimshukuru kwa hilo, maana ilikuwa kitu. Alikasirika, niliona shingo yake, na alikuwa na haki. Akauliza tu kama ninaweza kuirudisha leo, kwa sababu kulikuwa na mwanamke aliyeanza uchungu alfajiri. Nikasema ninaweza, nikipata saa nne za kutosalimiwa. Nilimweleza sheria ya Papa Anselme, na nikaona haya nikiisema, kwa kuwa nilikuwa ugenini, nimeingia kwa watu bila salamu, na sasa naomba wao pia waninyime. Akainuka akaenda.

Nilifunga kibao kwenye ukuta mdogo wa baraza, nikaweka kopo mbele yangu, nikaanza. Moja. Mbili. Tatu. Baraza la zahanati ndilo njia ya watu wote pale: wanaokwenda kisimani wanapita hapo, wanaotoka shambani, wanaoleta chakula cha wagonjwa, wanaouza samaki wa mto Aruwimi. Kwa kawaida mgeni aliyeketi pale angepewa mkono na kila mmoja, angeulizwa ukoo wake mpaka babu. Niliona miguu tu, kwa sababu sikuinua kichwa. Miguu ilikuja, ikapunguza mwendo, ikapita. Hakuna aliyesema neno. Mtu mmoja mwenye baiskeli alishuka akaibeba begani, kwa sababu mnyororo wake ulikuwa unalia. Kufika kijiti cha sita nilisikia mzee mwenye mkongojo anaanza kukohoa, akajizuia, akasimama, akangoja mpaka nilipotia kijiti, ndipo akakohoa. Nikaendelea.

Nilizungusha hivyo, hamsini juu ya hamsini, karatasi mpya kati ya safu na safu. Mwanamke mwenye uchungu alikuwa ndani na sauti yake niliisikia, lakini hata yeye walimwambia, maana baadaye Mama Véro alinieleza kwamba aliuliza yule fundi amefika ngapi. Nilipotia kijiti cha kumi na saba nikaongeza thelathini zilizobaki kwa sauti, kila moja, ili nisiwe peke yangu ninayejua. Mia nane na themanini. Nikafunga fundo.

Nikainua kichwa. Baraza lilikuwa limejaa. Walikuwa wameketi kwenye ngazi, kwenye madumu ya maji, wengine wamesimama uani na mizigo yao vichwani, sijui tangu saa ngapi. Wote walikuwa wananitazama na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Mama Véro alitoka ndani akifuta mikono.

"Bon," akawaambia. "Amemaliza. Sasa mumupe mbote."

Wakaja mmoja mmoja. Yule mzee wa kikohozi ndiye alikuwa wa kwanza, akanipa mikono miwili, akaniuliza habari za Kisangani, za nyumba yangu, za watoto wangu, za safari. Nilimjibu machozi yananitoka, na sikuyafuta kwa sababu mikono yangu yote miwili alikuwa ameishika yeye. Nikawajibu wote, mpaka wa mwisho, bila kufupisha. Kisha nikaingia ndani kufunga chuma, maana mtoto wa yule mwanamke alikuwa bado hajazaliwa na jua lilikuwa linashuka.